Mkono wa Kushoto wa Shangazi

Kabla ya kunywa chai ya asubuhi, shangazi yangu huinua glasi mpaka usawa wa balbu, huizungusha nusu duara, hufinya jicho moja, ndipo hunywa. Chai yenyewe ni ya rangi, nzito, haionyeshi hata kijiko. Haidhuru. Akikuta alama ya kidole kwenye glasi hasemi neno. Mkono wake wa kushoto unaichukua, unaipitisha nyuma ya bega, unaishusha chini na kuiachia, bila yeye kugeuka kuangalia. Sisi wa nyumbani tulishazoea: nyuma ya Shangazi, upande wa kushoto, lazima kuwe na kitu cha kupokea. Kwa miaka mingi kitu hicho kilikuwa ndoo ya vyombo vichafu.

Kazi ndiyo iliyomfanya hivyo. Alikuwa mkaguzi wa chupa kwenye kiwanda cha soda. Chupa tupu zikirudi kutoka madukani zinaoshwa kwa mashine, halafu zinapangana kwenye mkanda na kupita mbele ya ubao mweupe wenye taa nyuma yake. Shangazi alikaa kwenye kiti kirefu, uso ubaoni, chupa mia moja zikimpita kila dakika, akitafuta kilichobaki ndani: uchafu, ufa, msumari, mende. Kila nusu saa alipokezana na mwenzake ili macho yapumzike. Chupa mbovu aliichomoa kwa mkono wa kushoto akaitia kwenye kreti lililokuwa nyuma yake, bila kuondoa macho ubaoni, kwa sababu ukigeuza shingo tu zimeshakupita tano. Miaka kumi na minane, mkono ule ule, kreti pale pale.

Basi kila kitu kwake kikawa chupa. Mayai aliyashika kwenye mwanga. Mtoto mchanga wa jirani alipoletwa aonwe, Shangazi alimsogeza dirishani, akamgeuza huku na huku, akamrudishia mama yake. Amefaulu. Wachumba hawakuwa na bahati hiyo. Kuna mmoja alikuja na viatu vipya na mjomba wake, akakaa palepale dirishani, mwanga ukamwingia wote. Shangazi alimwangalia mara moja tu. Bibi, yaani mama yake Shangazi, tunakaa naye, na mpaka leo halali bila kumkumbuka yule mtu. "Kijana ana nyumba ya matofali," husema. "Mwenzangu akamtia kreti."

Alhamisi ninayoisimulia Shangazi alirudi saa kumi na moja jioni, jua bado liko juu ya paa la jirani. Hakutundika mkoba kwenye msumari wake, aliutupa chini. Akamimina maji, akanywa moja kwa moja. Hakuinua glasi kwenye balbu.

Mimi na Bibi tukatazamana.

"Nani kafa?" Bibi akauliza.

"Mimi," Shangazi akasema, akanitupia bahasha. "Soma, Mama asikie."

Niliacha shule darasa la sita, lakini barua za ofisini nazisoma vizuri. Zote ni ndugu, zinaanza na heshima na kuishia na vitisho. Hii iliandikwa na msimamizi mpya, kijana aliyejaza kuta za kiwanda michoro ya mistari inayopanda na kushuka, mpaka wafanyakazi wakamwita Chati. Ilisema kwamba ndani ya wiki mbili kumekuwa na malalamiko matatu juu ya chupa za zamu ya Shangazi. Ya kwanza ufa. Ya pili kizibo kilichokunjwa, kimo ndani ya soda. Ya tatu ndiyo iliyoleta balaa: mteja alifungua soda ya chungwa akakuta ndani yake mrija, wa rangi ya chungwa vilevile. Akaupiga picha akauweka mtandaoni, akishukuru kiwanda kwa kuwajali wateja wasio na mrija. Watu elfu kadhaa wakacheka.

Kwa hiyo, barua ikaendelea, ofisi imeridhika kwamba uwezo wa kuona wa mfanyakazi umepungua. Asaini hapo chini kukubali hivyo kabla ya saa mbili asubuhi kesho, ahamishiwe uani kufagia chupa zilizovunjika. Asiposaini, ahesabu kwamba hana kazi.

"Macho!" Shangazi akasema. "Angeniambia nina mdomo ningesaini."

"Lakini kweli bado unaona?" Bibi akauliza, akanyoosha mkono. "Hivi ni vidole vingapi?"

"Vitatu, Mama, na cha katikati kina unga chini ya ukucha."

Bibi akakificha kile kidole.

"Halafu ule mrija naukumbuka," Shangazi akasema. "Umeegemea ubavu wa chupa, rangi ile ile, mtu mwingine asingeuona. Mimi niliuona. Niliichomoa ile chupa kwa mkono wangu huu. Sasa imefikaje dukani? Imetembea?"

Alikaa kwenye kiti chake mezani, barua mbele yake, kalamu pembeni. Kwa miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona akikiangalia kitu kwa muda mrefu hivyo bila kujua akiweke upande gani.

Ndipo mlango ukagongwa.

"Hodi wenyewe!"

Huyo alikuwa Mwalimu, mpangaji wa chumba kinachotazamana na chetu. Alifundisha kemia mpaka akachoka na watoto wa watu, sasa anatengeneza bia jikoni kwake, lita ishirini kwa wakati mmoja, kwenye pipa la plastiki lenye mrija unaotoa mapovu kutwa kama mtu anayekoroma. Anaiita bia ya fundi. Ukiiita pombe anaumia kama umemtukana mama yake. Nyumba yetu ina kuta nyembamba, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa lolote.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umeficha nini mgongoni?"

"Dawa ya siku mbaya." Akatoa chupa mbili za rangi ya kahawia zenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono: Pipa la Saba. "Dada, leo nina shida na wewe. Marafiki zangu wote wananisifia, na wote wananidanganya. Wewe kazi yako ni kukataa. Nionjee, halafu uniambie ukweli."

"Mwalimu, leo mimi nimekataliwa. Tafuta mwingine."

"Dakika kumi tu. Na fomu nimeleta."

Kweli alileta fomu, imepigwa mstari kwa rula: Rangi. Povu. Harufu. Ladha. Kinachobaki mdomoni. Maoni mengine. Akanikabidhi mimi niandike, akasema mwonjaji hapaswi kumwona mpishi, akatoka na kufunga mlango. Hakwenda mbali. Chini ya mlango ndala zake zilionekana zote mbili, vidole vimeelekea kwetu.

Kwa hiyo mezani kukawa na karatasi mbili, barua na fomu. Shangazi akaisukuma barua pembeni kwa kiwiko.

"Haya. Lete glasi."

Nyumba yetu ina glasi tatu. Akafungua chupa ya kwanza kwa mpini wa kijiko, povu likapanda shingoni likamwagikia vidoleni, akamimina. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye glasi. Rangi yake ilikuwa ya asali ya zamani, na povu juu lilisimama jeupe, zito, halikuwa na haraka.

Shangazi akainua glasi kwenye balbu. Akaizungusha nusu duara. Akafinya jicho.

Uso wake ukabadilika. Ndani ya kile kinywaji mlikuwa na ukungu. Na ndani ya ukungu vitu vidogovidogo vilikuwa vinapanda na kushuka taratibu, kama wenye nyumba.

Mkono wa kushoto ukaichukua glasi, ukaipitisha nyuma ya bega, ukaishusha, ukaiachia.

"Andika," akaniambia. "Rangi: mbovu. Fungua ya pili, labda hiyo imekaa vibaya."

Nikaifungua. Akamimina. Huku anamimina alikuwa anamsema Chati, jinsi alivyokuja kiwandani na kalamu nne mfukoni na hajawahi kuosha hata chupa moja, jinsi anavyowaita wafanyakazi "timu" halafu anakula peke yake. Akainua glasi ya pili. Ukungu ule ule. Wapangaji wale wale. Mkono wa kushoto ukafanya kazi yake.

"Andika: na hii mbovu. Mtu anafundisha kemia miaka ishirini hajui kuchuja!"

Ndala chini ya mlango zikasogea.

Mimi niliandika, lakini nilikuwa nimeona jambo ambalo Shangazi hakuliona. Nikanyamaza, kwa sababu nilitaka kujua litaishia wapi.

"Dada," sauti ikaita kupitia tundu la ufunguo, "samahani, mpishi haruhusiwi kusema, lakini mpishi anaumia. Haijaharibika. Huo ukungu ni hamira, iko hai. Bia ya kiwandani imechujwa mpaka imesahau ilikotoka. Hii ndivyo inavyotakiwa kuwa."

"Inatakiwa kuwa na takataka?"

"Inatakiwa kuwa na hamira! Umeionja?"

Shangazi hakuwa ameionja. Mtu wa kazi yake haonji, anaangalia.

"Ingia basi," akasema. "Nitaionja mbele yako, halafu nitakwambia ni mbovu, tulale na amani."

Mwalimu akaingia. Shangazi akageuka kushoto, kwa mara ya kwanza jioni ile, kuinua glasi zake kutoka kwenye ndoo.

Hapakuwa na ndoo. Palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda palikuwa na Bibi, mguu mmoja ameunyoosha mbele kwa sababu ya goti linalomsumbua. Sakafuni karibu naye glasi mbili zilisimama sambamba, tupu kabisa. Juu ya mdomo wa Bibi palikuwa na sharubu nyeupe ya povu.

Hapo inabidi niseme kwamba Bibi aliacha pombe kabla mimi sijazaliwa. Sababu aliyotoa haijawahi kuwa ile ile mara mbili. Mara ni ahadi kwa marehemu babu, mara ni ini, mara ni ndoto. Lakini kuacha aliacha, na majirani wote wanalijua hilo kwa sababu huwakumbusha.

"Mama!"

"Nini?"

"Umekunywa!"

"Sikunywa, nimepewa. Mtoto wangu wa kumzaa ananyoosha mkono na glasi, mimi nifanye nini, niiache idondoke? Nimelelewa vizuri."

"Nilikuwa naitupa!"

"Basi siku nyingine utupe kwa sauti. Mwalimu, ya pili ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza."

"Ni pipa moja, Mama," Mwalimu akasema, ameshika kifua kwa furaha.

"Basi ni mimi niliyekuwa mzuri zaidi."

Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa fomu. Lakini Shangazi hakucheka. Alikuwa anaangalia glasi mbili sakafuni, halafu Bibi, halafu mkono wake wa kushoto, kama mkono wa mtu mwingine uliosahauliwa pale.

"Mama, umekaa hapo tangu lini?"

"Tangu goti. Wiki ya tatu sasa. Hapa napata upepo wa mlango."

"Na ndoo ya vyombo?"

"Niliihamishia kulia, Shangazi," nikasema. "Nilikwambia."

"Ulinambia lini?"

"Jumapili ile. Ulikuwa umenipa mgongo, unakagua mayai."

Shangazi akasimama. Akachukua simu akampigia mwenzake wa kazini, yule tunayemwita dada wa lebo kwa sababu anasimamia mashine ya kubandika lebo, akaiweka simu mezani sote tusikie.

"Mwenzangu, nikuulize jambo la kijinga. Pale ninapokaa, nyuma yangu kushoto, kuna kreti gani?"

"La bluu," dada wa lebo akasema. Nyuma yake mtoto alikuwa analia na sufuria inagongwa.

"La nini?"

"La chupa nzima. Zilizokwisha kukaguliwa, mkanda ukijaa zinasubiri humo, halafu zinarudishwa mbele ziende zikajazwe. Kwani vipi?"

"Na la mbovu?"

"Jekundu, liko kulia kwako. Chati alibadilisha ile wiki uliyochukua likizo kumuuguza mama. Akapiga na mistari ya njano sakafuni. Mwenzako anayekupokea anatumia la kulia siku zote. We hukuambiwa? Mbona tangazo liko ukutani?"

"Ukuta upi?"

Kule sufuria ikawekwa chini.

"Wa nyuma yako," dada wa lebo akasema.

Shangazi akakata simu. Akakaa chini taratibu. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikainuka kumshika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaegemeza paji la uso juu ya barua. Wiki mbili nzima alikamata kila chupa mbovu iliyopita mbele yake, hata ule mrija, akazichambua moja baada ya nyingine kwa uaminifu wote, halafu kwa mkono wake mwenyewe akazipeleka zikajazwe soda.

"Malalamiko matatu tu!" akasema akifuta machozi. "Wengine wamekunywa na kumshukuru Mungu!"

"Bia yangu hiyo," Mwalimu akaninong'oneza, akiionyesha fomu kwa kidole. "Andika: huleta furaha."

"Hajaionja hata tone," nikamwambia.

Ilikuwa kweli, na Mwalimu akakumbuka. Akakimbia kwake akarudi na chupa nyingine, ya mwisho ya Pipa la Saba, aliyoitunza kwa ajili ya siku ya kuzaliwa kwake. Shangazi akamimina. Mkono wake wa kulia ukaanza kupanda wenyewe kuelekea kwenye balbu.

"Zima taa," Bibi akaamuru. "Huyu tukimwachia taa hatutaonja mwaka huu."

Nikazima. Nje jua lilikuwa limeshateremka nyuma ya paa, chumbani mkabaki mwanga kidogo wa dirishani, wa kutosha kuona mtu lakini si kumkagua. Shangazi akakaa na glasi kifuani bila kujua afanye nini na macho yake. Mwishowe akayafumba. Akanywa.

Tulisubiri sote watatu.

"Chungu," akasema.

Mwalimu akashusha pumzi.

"Ngoja. Chungu kama ganda la chungwa ukilitafuna. Halafu uchungu unaondoka." Akanywa tena. "Nyuma yake kuna kitu kama mkate. Ile sehemu ya chini iliyoungua kidogo, ambayo tukiwa wadogo tulikuwa tunagombania." Akanywa ya tatu, ndefu. "Na inachezacheza ulimini. Kumbe ndio hao wapangaji."

"Hamira," Mwalimu akasema kwa sauti ya mtu aliye kanisani.

"Andika," Shangazi akaniambia. "Rangi: sijui, taa ilizimwa. Ladha: imepita. Kinachobaki mdomoni: mkate." Akawa anapapasa ile chupa tupu, akaigeuza kidogo dirishani, mara moja tu, haraka. "Maoni mengine: chupa hii ina ufa kwenye mdomo, mdogo kama nywele. Asiitumie tena, siku moja atameza kioo."

Mwalimu akaichukua chupa, akaisogeza mpaka puani. Hakuona kitu. Akavaa miwani. Hakuona. Nikawasha taa, akapitisha ukucha mdomoni mwa chupa, ukucha ukanasa.

Akamtazama Shangazi. Halafu akaitazama barua pale mezani, mahali palipoandikwa kuhusu uwezo wa kuona. Kisha akaichukua ile fomu mkononi mwangu, akaikunja mara nne akaitia mfukoni kama cheti.

"Kwa hiyo kesho unasaini?" Bibi akauliza.

"Macho yangu mazima, Mama."

"Najua. Mkono ndio mlevi."

Shangazi alimaliza glasi yake bila kuharakisha. Barua aliirudisha kwenye bahasha. Kalamu aliiacha mezani.

Asubuhi alikunywa chai, glasi kwenye balbu kama kawaida, akaondoka mapema, na chakula chake cha mchana akakisahau juu ya kabati. Bibi alikiona kabla Shangazi hajafika kona. Hakumwita.

"Mjukuu wangu," akasema saa moja na nusu, "mpelekee shangazi yako chakula. Kaa hapo getini. Usirudi bila habari."

Yaliyotokea ndani alinieleza dada wa lebo jioni yake. Nitapunguza, kwa sababu yeye huongeza.

Saa mbili kasoro Chati alifika kwenye mkanda na kalamu tayari. Shangazi alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake kirefu, uso ubaoni.

"Umesaini?"

"Bado, bosi. Naomba dakika tano uniangalie nikifanya kazi, uone macho yenyewe yalivyo. Simama nyuma yangu. Si hapo, kushoto kidogo. Hapo hapo. Hilo kreti lisogeze."

Chati akasogeza kreti la bluu akasimama mahali pake, mikono nyuma kama mgeni rasmi. Mkanda ukaanza kwenda. Dakika haijaisha, mkono wa kushoto ukaja nyuma na chupa yenye msumari. Chati, kama Bibi, naye alilelewa vizuri, akaipokea. Ikaja yenye matope. Ikaja yenye mdomo uliomeguka. Ikaja yenye mjusi, mkavu, amenyooka vizuri. Shangazi hakugeuka hata mara moja. Dakika ya tano Chati alikuwa amekumbatia chupa tisa, mjusi yuko chini ya kidevu chake, na mashine ya lebo ilikuwa imezimwa kwa sababu waendeshaji wake walikuwa wanacheka na lebo zinakwenda upande.

"Umezipokea zote, bosi?"

"Nimezipokea."

"Sasa geuka usome hilo kreti uliloweka hapo kila siku. Chupa nikizitia humo, zinaenda wapi?"

Chati akasoma maandishi ya mkono wake mwenyewe. Akaangalia mistari yake ya njano. Dada wa lebo anasema masikio yake yalianza kuiva kuanzia juu.

"Tangazo lilibandikwa," akasema.

"Nimelisikia. Nyuma ya mgongo wangu."

Hapo mwanaume mwingine angecheka, yakaisha, na nadhani Shangazi alikuwa tayari yaishe. Alikuwa ameanza hata kutabasamu. Lakini Chati alikuwa na chati ya kujaza. Akaziegemeza chupa kifuani kwa mkono mmoja, kwa mwingine akatoa barua kwenye bahasha aliyoiweka Shangazi kando ya ubao, akafuta neno moja kwa kalamu, akaandika jingine juu yake.

"Basi siyo macho," akasema. "Nimekuwekea kutokuwa makini kwa mkono. Uani utaenda vilevile, ila sababu imebadilika. Saini hapo."

Shangazi akaipokea barua. Akaiinua mbele ya ubao wenye taa, mwanga ukapita katikati ya maneno yote, yaliyofutwa na yaliyoongezwa. Akaizungusha nusu duara. Akafinya jicho.

"Mbovu," akasema.

Mkono wa kushoto ukairudisha nyuma. Chati, chupa tisa kifuani, akanyoosha mkono kupokea. Ya kwanza kuanguka ilikuwa ya mjusi.

Shangazi akashuka kwenye kiti. Akavua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya kiti na kuinyoosha kwa kiganja. Kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuangalia chupa, ilibidi mkanda usimamishwe.

Mimi kule getini sikujua lolote. Nilijua tu kwamba ngurumo ya kiwanda, ambayo mtaa mzima umezoea kama pumzi yake, ilikatika ghafla. Mlinzi aliyekuwa anakula karanga akaacha kutafuna. Tukasikia kuku wa nyumba ya tatu.

Halafu nikamwona anakuja uwanjani, mkoba begani, haharakishi. Mlinzi akamfungulia.

"Leo umetoka mapema, mama. Hujambo kweli?"

"Sijambo."

"Shangazi, chakula chako," nikasema.

Akanitazama, akatazama chombo, akakiinua kidogo kwenye jua.

"Mpe mlinzi," akasema. "Nyumbani kuna watu wanahitaji mtu wa kuwaambia ukweli."

Akapita. Hakugeuka nyuma, lakini hilo si ajabu, hajawahi kugeuka. Mlinzi akabaki na bakuli mkononi na geti wazi kidogo, upana wa mtu mmoja, kwa sababu katika miaka kumi na minane hakuwahi kumwona akitoka kabla ya saa kumi, na alikuwa na uhakika kuna kitu amesahau atakirudia. Nilimkuta hivyo nilipopita tena kuchukua bakuli tupu, saa tisa mchana. Aliuliza kama shangazi yangu yuko njiani. Nikamwambia afunge tu.